Sauti ya Hanan Bila Mwangwi

Vijana wangu, kabla hamjanisoma mjue kwamba mnashauriwa na mtu ambaye mke wake humtambulisha kwa wageni kama "kabati letu." Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikishakaa kwenye kiti changu, chai mkononi na soksi miguuni, hata tetemeko la ardhi lazima libishe hodi. Na ni huyuhuyu ambaye Mungu alimpa kazi ya kupiga vyombo, yaani spika na maiki, kwenye harusi, misiba na makanisa ya Johannesburg, kutoka Malvern mpaka Rosettenville, kila wikendi, miaka nenda rudi. Kazi ya kutoka, kazi ya makelele. Nadhani siku ile Mungu alikuwa anatania.

Sasa mgongo umestaafu, nami nimeufuata. Spika kubwa nimeziuza. Pale gereji zilipokuwa zimepangwa, Mama Riziki, mke wangu, ametandaza vitambaa vyake vya kushona, na nikipita kuchukua nyundo naambiwa nivue viatu. Lakini nyinyi mnaoanza kazi, mnaobeba mixa ya kuchanganyia sauti kwenye simu na spika kwenye begi la mgongoni, hamkomi kugonga geti na kuuliza maswali. Nimeona heri niandike, nisiwe nainuka inuka.

Aliyenifundisha ni Mzee Saidi, Mrundi wa Buyenzi aliyekuwa na vyombo vyake Rosettenville. Alikuwa akiingia ukumbi mtupu, anapiga kofi moja, anafumba macho kama mtu aliyeonja mchuzi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuzungusha vitufe.

"We Mkongomani, unarekebisha nini?"

"Sauti, mzee."

"Sauti ya nani? Watu wako wapi? Huu ukumbi ni bati na vigae. Wakijaa, nguo zao zitakunywa nusu ya sauti, na wewe utaanza upya. Kaa chini. Kula muhindi wako."

Basi hilo ndilo somo la kwanza: kula muhindi wako. Chumba kina tabia yake, ngoja ukijue. La pili ni maiki. Iwe umbali wa ngumi moja na mdomo, si zaidi, si pungufu. Wako washereheshaji wanaoilamba kama aiskrimu. Wako baba wakwe wanaoishusha mpaka tumboni, na hotuba yote inakwenda kwenye kitovu. Usiwakemee. Mfuate polepole, mwinulie mkono kama unayemsaidia mzee kupanda ngazi.

Na maiki ya kubana kwenye nguo, hiyo ichungeni kama mtoto anayetambaa. Harusi moja hapa Malvern nilisahau kuizima ya bibi harusi. Akaingia chumba cha pembeni na dada yake, na ukumbi mzima, pamoja na keki, ukasikia anavyoiona wigi ya mama mkwe. Nilikimbia kama kijana. Ndoa ipo mpaka leo, ina watoto wazuri, ila mama mkwe tukikutana pale kwenye robot, taa za barabarani za Jules Street, anageuka kuangalia magari.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo vitabu vya mitambo haviandiki, nalo ni mwangwi. Makanisa yetu yanapenda mwangwi. Mchungaji akisema "Bwana," lazima Bwana arudi mara tatu kutoka ukutani, la sivyo waumini wanaona hajafunga na kuomba wiki hiyo. Mimi nilizoea kuuweka bila kufikiri, kama mpishi anavyotupia chumvi. Mixa yangu nilikuwa naiacha hivyohivyo, imeshawekwa tayari kwa Jumapili.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Mchungaji Elia, mtu wa Uvira kama mimi, moyo mzuri, mapafu ya simba. Pale madhabahuni aliweka bendera mbili, ya Kongo na ya Israeli, na kila Jumapili, baada ya kuombea nyumbani, tuliombea taifa lile la pili kwa jina, na pembe ya kondoo ikapulizwa. Nyinyi mliokulia kwenye makanisa haya hamshangai. Mimi pia sikushangaa. Tulisoma jina hilo kwenye Biblia tangu utotoni, hatukuwa tunafikiri kwamba karibu na hapo kuna watu wengine wenye majina na sufuria jikoni.

Hanan alikuja kwangu mchana, ametumwa na mlinzi wa ukumbi mmoja wa Bertrams. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, sweta juu ya sare ya duka la dawa, begi dogo kalikumbatia mbele. Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vya kuazima, kwa hiyo tulielewana vizuri.

"Wewe ndiye mtu wa sauti?"

"Ndiye. Harusi au msiba?"

Akafikiri. "Ushahidi," akasema. "Mimi natoka Gaza."

Nikamvutia kiti. Kulikuwa na kamati ya kuitetea Gaza, akasema, imemwomba asimulie Jumamosi yale aliyoyaona vitani kabla hajafanikiwa kutoka. Amekubali, kwa sharti: akae nyuma ya pazia, jina lisitajwe, na sauti ibadilishwe hata rafiki yake asiitambue. Meneja wa duka alikuwa amemwambia wazi kwamba siku atakaposikia anazungumzia mambo hayo hadharani, mkataba umekwisha.

"Na kibali changu cha kukaa nchi hii kimefungwa kwenye hiyo kazi," akasema. "Kazi ikiondoka, kibali kinaondoka. Kibali kikiondoka, sijui nitakwenda wapi. Kwetu hakuna pa kurudi."

Mama Riziki alikuwa anapinda shuka mlangoni. Yeye hana breki. "Sasa mwanangu, si unyamaze tu? Sisi wote hapa tumenyamaza."

"Mama, nimenyamaza tangu nifike," Hanan akamjibu nilipomtafsiria. "Silali."

Mke wangu akaacha shuka. Akaenda kuweka maji ya chai.

Tukafanya majaribio palepale gereji. Nikamwashia maiki, nikampa ishara aseme chochote. Akasema, "Jina langu," na gereji nzima ikajibu, langu, langu, langu, kama mlima Sinai. Nilikuwa nimesahau kwamba mixa bado iko kanisani.

Hanan aliruka. Mama Riziki akaangusha kijiko kwa kucheka. "Weye Papa Riziki! Mutoto wa watu anakuja kutoa ushahidi, wewe uko unamufanya malaika!"

Nikaanza kumweleza mgeni kwamba kwetu ndivyo neno linavyoshuka, kwamba bila hivyo mchungaji ni mtu wa kawaida. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Kule, nilipokuwa namwita dada yangu, sauti ilirudi hivihivi kutoka kwenye kuta zilizobaki. Tafadhali iondoe."

Niliiondoa.

Kisha nikaishusha sauti yake chini, chini zaidi, mpaka ikawa ya mwanaume mwenye shingo nene. Nikamwambia ajaribu maneno ya kila siku. Akachukua yale ya kazini kwake, na ile sauti nzito ikanguruma kutoka kwenye spika: "Kidonge kimoja, mara mbili kwa siku, baada ya chakula."

"Mungu wangu," Mama Riziki akasema, "huyo ni mjomba wangu wa Fizi, yule wa mbuzi!"

Nikamtafsiria. Hanan akajiziba mdomo, mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa sweta. Akaomba arudie. Akamwagiza Mama Riziki, kwa sauti ya mjomba, apake dawa ya fangasi asubuhi na jioni. Tukanywa chai, tukala mandazi. Akaanza kuniita ammo, ambayo kwao ni kama vile nyinyi mnavyoniita baba mdogo. Alipoondoka, mke wangu alisimama getini akimwangalia mpaka akakata kona.

"Mbona hukumwuliza kuhusu huyo dada?" nikamwambia.

"Na wewe mbona hukumwuliza?"

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa kiasi. Bahati nzuri uwanja wa mpira wa jirani haukuwa na mechi, maana Bertrams wakiwa na vuvuzela hata wewe mwenye spika unashindwa. Nikapiga kofi langu, nikala muhindi wangu. Pazia lilikuwa la Mama Riziki, la maua makubwa, lile la chumbani kwetu. Meza yangu niliiweka pembeni, mahali ambapo mimi namwona Hanan na watu hawamwoni.

Akaanza kwa sauti ya mjomba. Alisimulia jinsi walivyohama nyumba hadi nyumba, wamebeba magodoro, kila mara wakiambiwa mbele ndiko salama. Watu walisikiliza, lakini nawaambia ukweli kama fundi: hawakuwa wanasikia. Ile sauti ilikuwa inawasukuma nje. Kijana mmoja nyuma alitabasamu, wala si kwa ubaya. Walikuwa na simu mikononi, wanarekodi maua ya pazia.

Kisha Hanan akasema, "Nyumba ilianguka dada yangu akiwa ndani. Nikamwita." Akanyamaza.

Mimi, kama kawaida yetu, nikadhani ni waya. Nikaangalia taa, zote kijani. Nikamwangalia yeye. Alikuwa ameziba maiki kwa kiganja, ananitazama.

"Ammo," akanong'ona. "Mwondoe."

"Nimwondoe nani?"

"Huyu mwanaume."

Nikainama hadi kwake. "Hanan, mwanangu, simu zinarekodi. Nikikurudishia sauti yako haitarudi tena mfukoni."

"Najua."

"Kazi. Kibali."

"Najua, ammo. Lakini dada yangu Rima aliniitikia kwa sababu aliijua sauti iliyokuwa inamwita. Siwezi kumtaja kwa sauti ya mtu asiyemjua."

Vijana, kwenye kazi hii tunasema fundi hana maoni. Anayelipia akitaka juu, weka juu. Kumbe hamna mtu aliyeniambia kuna siku kidole kitakataa. Nilifikiria foleni ambazo mimi mwenyewe nimesimama kuomba karatasi katika nchi hii, na jinsi Mama Riziki anavyoruka kila mtu akigonga geti kwa nguvu. Nikauomba umeme ukatike. Jiji hili umeme hukatika keki inapokatwa, hukatika mchungaji anapofikia amina, kwa nini usikatike sasa, nisiwe mimi wa kuamua? Haukukatika.

Nikazungusha kitufe.

Sauti yake ilitoka ndogo, inakwaruza kidogo, haina kitu juu yake. Nakumbuka watu walivyoinua vichwa. Akasema alimwita Rima, na Rima akaitika kutoka chini kwa lile jina la utani walilokuwa wakiitana wakiwa watoto. Akamwuliza, sufuria umeitoa motoni? Kwa sababu walikuwa wanachemsha dengu. Hanan akamjibu ndiyo, nimeitoa, usiwe na wasiwasi. Majirani walikuwa wanachimba kwa mikono na kwa vifuniko vya sufuria. Rima akauliza tena kuhusu ile sufuria. Kisha akawa anajibu kwa kugonga tu. Kisha Hanan akaendelea kumwita peke yake, mpaka jirani mmoja mzee akaja akamshika mdomo, polepole, kama unavyomziba mtoto asije akaamsha wengine.

Mkono wangu ulikuwa juu ya mixa umelala. Aliponyamaza hakuna aliyepiga makofi pia, na mimi niliwashukuru moyoni. Hanan akalisogeza pazia, akatoka, akashuka akakaa kwenye kiti cha mbele karibu na Mama Riziki. Hakukuwa tena na maana ya kubaki kule. Mke wangu akamfunika na kitenge chake wala hakusema neno, na mnaomfahamu mnajua hilo lilimgharimu kiasi gani.

Jumapili video ilikuwa imeshazunguka. Jumatatu Hanan akanipigia.

"Wameniondoa, ammo."

"Na kibali?"

"Nacho kimeondoka." Nikasikia anavuta pumzi. "Lakini mama yangu kule kwetu ameisikia. Jirani yake wa hema ana simu."

"Amesemaje?"

"Amesema sauti yangu imekonda. Eti hapa sili." Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kilio njiani. Nilikaa na simu sikioni mpaka akamaliza. Katika hali hiyo, wanangu, usijaze ukimya. Huo si ubovu wa mitambo.

Mchungaji Elia naye alikuja nyumbani, kwa miguu, bila kofia. Alikaa kwenye kiti changu, jambo ambalo namsamehe kwa sababu ya cheo chake.

"Papa Riziki, ni kweli uko unawapigia vyombo watu wa upande ule?"

"Nilimpigia mwanamke mmoja, Mchungaji."

"Unajua sisi tunaombea taifa gani."

"Najua. Ile taa inayomulika bendera ni mimi nimeivutia waya."

"Sasa?"

"Sasa yule mwanamke alikuwa anamwita dada yake chini ya nyumba. Mchungaji, wewe na mimi tumetoka Uvira. Unajua mtu anavyoita."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani anasali. Labda alikuwa anasali. Aliposimama akanishika bega, akasema atamkumbuka dada huyo katika maombi yake, ya faragha. Akasema pia kwamba wazee wa kanisa wameudhika, na kwamba ingekuwa vyema nipumzike. Jumapili iliyofuata alisimama mtu mwingine kwenye meza yangu, akaweka mwangwi mwingi mpaka matangazo ya kikundi cha akina mama yakasikika kama Ufunuo. Mama Riziki alirudi na habari hiyo, akanikuta na soksi zangu.

"Haya, kabati. Umepata ulichotaka siku zote. Kaa nyumbani."

Nikakaa. Nawaambia ukweli, Jumapili za mwanzo nilikuwa nanyanyuka alfajiri, navaa, halafu nakumbuka. Wengine wakafuata nyuma ya Mchungaji, harusi zikapungua, na mgongo ukapata sababu ya kulalamika waziwazi. Lakini hasara yangu ilikuwa ya mtu mwenye nyumba na mke. Ya Hanan ilikuwa ya mtu ambaye sasa akimwona polisi anavuka barabara.

Njia iliyobaki ilikuwa moja, na sisi Wakongomani tunaijua kuliko njia ya sokoni: ofisi ya wakimbizi kule Pretoria. Hanan alikuwa anaiogopa. Alikuwa amefika nchi hii na kibali safi cha kazi, mtu wa dawa, alishakuwa mkimbizi kwao Gaza, hakutaka kuitwa hivyo mara ya pili. Mama Riziki akamwambia, "Mwanangu, hilo ni jina la kwenye karatasi tu. Hapa nyumbani utaendelea kuitwa Hanan." Kisha akanigeukia mimi, nikajua nimekwisha.

"Utakwenda naye."

"Mimi? Pretoria? Na huu mgongo?"

"Huo mgongo utabebwa na treni."

Nikaenda. Kwenye foleni ile kuna ufundi pia. Chukua kadibodi ya kukalia, maana saruji ya asubuhi inapanda mpaka kwenye meno. Chukua chai ya kutosha kumpa wa mbele na wa nyuma yako, hao ndio watakaokulindia nafasi ukienda msalani. Tulikaa kati ya Mrundi muuza viatu na kinamama wawili wa Bukavu wanaosuka nywele, na kabla jua halijapanda walikuwa wameshamfundisha Hanan kusema "msogee kidogo" kwa Kiswahili. Yeye akawaeleza dawa za magoti. Nikaona anazungumza kama siku ile ya mandazi.

Getini askari aliniuliza mimi ni nani wake.

"Baba mdogo," nikasema.

Akaniangalia, akamwangalia Hanan, akaniangalia tena. "Eish, mzee," akasema, akatupisha.

Ndani kulikuwa na dirisha la kioo, na nyuma yake afisa, binti wa umri wa Riziki wangu, amechoka tangu asubuhi, kikombe pembeni. Akauliza jina na nchi, Hanan akajibu. Kisha akauliza, bila kuinua macho, kwa nini mwombaji hawezi kurudi kwao.

Hanan akanigeukia. Alikuwa amepoteza kibali kwa sababu ya kulisimulia jambo hilo, na sasa ili apate karatasi ya kukaa anatakiwa alisimulie.

"Tena, ammo?"

"Tena, mwanangu."

"Yote?"

"Yote. Na Rima pia."

Afisa akagonga kioo kwa kalamu. "Dada, siwasikii. Sogea kwenye hivi vitundu, hii glasi ni nene."

Nikampokea begi lake. Alikamata ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, akainama, akaanza kwa sauti ileile, ndogo, ya kukwaruza: kulikuwa na nyumba, na dada, na dengu motoni. Alipofika pale alipomwita dada yake alisita, na mimi nikaangalia sakafu.

Nikasikia kikombe kinawekwa mezani.

"Endelea, dada," yule binti akasema kutoka upande wa pili wa kioo. "Nakusikia."